Pini ya Ishirini

"Amemeza pini." Nililisikia neno hilo kwenye foleni ya maji, nikiwa nimeinama nasukuma ndoo yangu mbele, kabla sijajua anayesemwa ni nani. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu alikuwa anamsimulia mwenzake habari za fundi mmoja wa kiwanda cha sare, amemeza pini na sasa shingo imemkakamaa kama mti wa ufagio. Nikacheka. Naandika hili kwa aibu lakini naliandika. Nikatia na langu, nikasema, "Ndiyo malipo ya kugeuza mdomo kopo." Yule mwenzake akanigusa bega.

"Mama Mkasi, mbona unacheka? Si binti yako huyo?"

Ndoo niliiacha palepale. Mpaka leo sijui nani aliichukua.

Nawaandikia wazazi wenzangu. Shule yangu iliishia ya msingi, kwa hiyo wanaojua kuandika watanisahihisha herufi, nao wana haki. Lakini yaliyotokea niliyaona kwa macho yangu, na baadhi niliyafanya kwa mikono yangu hii, basi hapo hakuna wa kunisahihisha.

Mkasi ni kifungua mimba wangu, ana miaka thelathini na minne. Jina hilo alipewa kazini kwa sababu akishika mkasi kitambaa hakipati nafasi ya kufikiri. Wanashona sare za shule, cherehani arobaini ndani ya ukumbi mmoja, na karibu mafundi wote wana tabia moja: wakibana pindo, pini wanazibana midomoni, vichwa nje na ncha ndani, wanachomoa moja moja huku wanapiga soga kwa pembe ya mdomo. Nimegombana naye juu ya hilo tangu alipokuwa anajifunza. Kwa hiyo uvumi ule uliponifikia haukunikuta mgeni. Ulikuta kiti moyoni mwangu, kimeshafutwa vumbi, ukakaa.

Tena ulikuwa na ushahidi, na hapo ndipo penye ubaya wake. Pale kiwandani kila fundi asubuhi anapewa kopo lenye pini ishirini, na jioni zinahesabiwa mbele ya msimamizi. Sheria hiyo ilikuja baada ya pini kusahaulika kwenye kola na kumchoma mtoto shuleni. Ikipungua moja, wote wanapiga magoti kuitafuta. Isipopatikana, mwenye kopo anakaa nyumbani wiki nzima. Jumatatu jioni, kopo la mwanangu lilikuwa na kumi na tisa.

Jumatatu hiyohiyo alikuwa ameamka na shingo inayouma. Alidhani amelala vibaya. Kufika saa nne hawezi kugeuka, akiitwa anazunguka mwili mzima kama kabati. Kufika mchana kumeza mate kunamtoa machozi. Basi pini ilipokosekana, Mama Vifungo, anayekaa cherehani ya pili yake na kazi yake ni vifungo tu kutwa nzima, alisema mbele ya watu, "Na tangu asubuhi anameza kwa taabu. Mwenye macho haambiwi tazama." Ndivyo ilivyozaliwa. Kesho yake ikawa imeshajifunza kutembea, ikanifikia bombani.

Nilikwenda kiwandani na miguu imelowa. Niliwakuta wamemkalisha mwanangu kwenye stuli karibu na meza ya pasi, na msimamizi, ambaye wanamwita Kengele kwa sababu sauti yake ndiyo inayowaingiza na kuwatoa kazini, ameshika sumaku yao. Ile ni sumaku iliyofungwa kwenye fimbo, wanaipitisha sakafuni kuokota pini zilizoanguka. Alikuwa anaipitisha shingoni mwa mwanangu.

"Umekuja wakati mzuri, mama," akaniambia. "Tazama mwenyewe, usije ukasema tulikusimulia."

Akaipandisha polepole kutoka kifuani. Ilipofika chini ya koo, sumaku ikajigeuza kidogo, ikanata.

"Imevuta," akasema Mama Vifungo.

"Imevuta," wakasema na wengine, na mmoja akaanza kusali kwa sauti ya chini.

Mwanangu hakuweza kuinamisha kichwa kutazama. Akapapasa kwa vidole. "Ni kulabu ya blauzi," akasema. "Kulabu ya kola, ya chuma. Nimeishona mimi."

"Basi ifungue tujaribu tena," akasema fundi mmoja wa mwisho kabisa wa safu, simjui, na hakuna aliyemgeukia.

Kengele akaitazama saa ya ukutani. "Tumeshaona, kujaribu tena kwa nini? Kazi zinangoja. Mama, mchukue mtoto wako akaitoe hiyo pini. Akipona arudi, kopo lake nitalitunza."

Tulipotoka mlangoni mwanangu alinishika mkono. "Mama, sikumeza kitu. Mtu anajua anachokimeza."

Nikamjibu, na jibu hili ndilo linalonila mpaka leo: "Pini ni nyembamba, mwanangu. Unaweza usijue."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniambia.

Mama Vifungo alitufuata mpaka barabarani, anapangusa mikono kwenye aproni yake, akanipa dawa bila kuombwa. "Chemsha viazi, ponda, fanya matonge makubwa. Asitafune. Tonge likishuka linaibeba pini linakwenda nayo. Mjomba wangu aliokoka hivyo, mfupa wa samaki ulikuwa umesimama hapa." Akajionyesha kooni.

Nikachemsha viazi. Mkwe wangu yuko safarini miezi mingi kwa kazi yake ya malori, kwa hiyo nyumbani kwa mwanangu mkubwa nilikuwa mimi. Nikaponda, nikaviringisha tonge kama yai. Aliniambia mara ya pili, "Mama, haimo." Nikasema, "Kama haimo, tonge halina hasara. Umeze." Akameza. Sijawahi kuona mtu mzima anashika meza kwa mikono miwili ili chakula kishuke. La pili lilirudi. La tatu lilishuka na machozi, na mimi nikahesabu ni ushindi, nikaosha sufuria.

Jumatano akawa amezidi. Shingo haiendi mbele, hairudi nyuma, homa kidogo tu, ile ya kugusa paji ukasita. Mate alianza kuyatema kwenye kikopo badala ya kumeza. Mtu mwenye akili timamu angekwenda hospitali siku hiyo. Mimi nilikwenda kwa mnyoosha mifupa, nyuma ya soko la mboga, kwa sababu watu watatu waliniambia anazijua shingo.

Kibanda chake kina godoro moja na kalenda ya mwaka mwingine. Hakumuuliza mwanangu chochote, aliniuliza mimi. Nikamwambia pini. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anaitarajia.

"Imelala kimkingamo," akasema. "Tukiinyoosha shingo itasimama, ikisimama itashuka."

"Usiniguse shingo," mwanangu akasema.

"Wagonjwa wote husema hivyo," akasema yule bwana, akacheka. "Mama, mshike mabega."

Nilimshika mabega. Narudia ili msidhani nimejificha nyuma ya mtu: mikono iliyoyashika ilikuwa yangu. Yule bwana akamkamata chini ya taya kwa mkono mmoja na kisogoni kwa mwingine, akavuta kwenda juu, kisha akazungusha. Mwanangu hakupiga kelele, kwa kuwa kufungua mdomo kulimuuma kuliko kunyamaza. Alitoa sauti puani tu. Tukiwa njiani kurudi aliniambia mara ya tatu. Hakusema "sikumeza" tena. Alisema, "Ungeniamini mimi."

Jioni ya Jumatano hiyo, jua bado liko juu ya mapaa, Mama Vifungo alikuja kututazama. Alileta chupa ya uji. Alisimama mlangoni na aproni yake ya kazi, akaniuliza kwa sauti ya msibani, "Vipi, imeshuka?"

Nikamwambia bado. Akasema pole sana, tumtegemee Mungu. Nikamshukuru. Kumbukeni kwamba nilimshukuru.

Alhamisi, yapata saa sita mchana, niliingia chumbani nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono imejikita magotini, kidevu kimetokeza mbele. Nikamwambia lala upumzike. Akatikisa mkono kukataa. Nikataka kumlaza mwenyewe, akanisukuma, mwanangu ambaye hajawahi kunisukuma. Alipojaribu kusema, sauti ilitoka kama ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Kisha nikasikia pumzi yake. Kila akivuta kulikuwa na mlio mwembamba, kama upepo unaopita chini ya mlango. Akitoa, kimya. Akivuta, ule mlio.

"Pini imehama," nikasema, na nikaita teksi.

Hata wakati huo nilikuwa bado naitetea ile pini.

Zahanati iliyo karibu ina mashine ya eksrei. Walimpiga picha amesimama. Mtabibu aliyekuwa zamu, kijana mwenye miwani, aliinua ile picha dirishani, na mimi nikainua shingo. Mbele ya mifupa ya shingo, juu kabisa, karibu na fuvu linapoanzia, palikuwa na kitu kidogo cheupe.

"Hiki hapa," akasema.

Wallahi nilisikia raha. Siku tatu natafuta adui, sasa nimeonyeshwa sura yake. Nikamwambia mwanangu, "Unaona?" Akafumba macho.

Mtabibu akasema atajaribu kuitazama kwa koleo na tochi, akamwambia alale chali. Mwanangu akatikisa kichwa. Akamwambia tena, na mimi, mama yake, nikasema, "Msikilize daktari." Akalala. Pumzi ikafunga. Hakukuwa na mlio tena, na kukosekana kwa mlio ndiko kulikotisha. Kifua kinapanda, shimo la chini ya koo linadidimia ndani, macho amenitolea, midomo inabadilika rangi.

Muuguzi mmoja mfupi aliyekuwa anapanga sindano aliacha sinia, akamsukuma mtabibu kwa kiwiko, akamwinua mwanangu akamkalisha na kumwinamisha mbele. Ule mlio ukarudi. Sikuwahi kudhani nitaufurahia.

"Mtu anayepumua kwa kukaa halazwi," yule muuguzi akasema, bila kupandisha sauti, kwa mtabibu, kisha akanitazama na mimi. "Weka hewa, ita gari. Hii si ya hapa."

Kwenye gari alikaa wima, barakoa ya oksijeni usoni, mimi nimeshika kiwiko cha mkono wake kwa sababu vidole alikuwa ameshikia kiti.

Hospitali kubwa tulipokelewa na daktari wa masikio, pua na koo, mwanamke wa rika la mwanangu, miguuni raba. Kabla ya yote alimwambia mwanangu, "Kaa unavyotaka wewe." Akampitisha mpira mwembamba wenye taa puani, akatazama, akaagiza sindano ya kushusha uvimbe ipigwe hapohapo. Kisha akaleta sinia iliyofunikwa kitambaa cha kijani, akaiweka kwenye kimeza cha kando. Nikauliza ni ya nini.

"Njia ya hewa ikiziba kabisa, tutamtoboa hapa apate pumzi," akasema, akagusa koo lake mwenyewe chini ya kikoromeo. "Natumaini nitairudisha sinia hii kama ilivyo."

Pumzi ilipotulia kidogo walimpeleka, wao wenyewe wamemzunguka, kwenye ile mashine ya duara inayopiga picha vipande vipande. Aliporudi, daktari akaniita kwenye skrini.

"Nani alisema pini?"

"Watu wote."

"Pini zenu zina urefu gani, mama?"

Nikamwonyesha kwa vidole, karibu urefu wa kidole gumba.

"Na hiki unachokiona hapa?"

Nikatazama. Kilikuwa kama punje ya mchele, tena mchele uliovunjika. Hakina kichwa, hakina ncha, kimefifia pembeni kama wingu.

"Hii inafanana na pini?"

Mama wa fundi cherehani, mtu aliyeokota pini kwenye mazulia ya nyumba yake miaka kumi na mitano, nilikuwa nimeonyeshwa punje ya mchele nikasema naam, ndiyo pini. 

Alinieleza, na nawaeleza kama nilivyoelewa. Mbele ya mifupa ya shingo, nyuma kabisa ya koo, kuna misuli mirefu inayosaidia kuinamisha kichwa. Misuli hiyo imefungwa mfupani kwa kano. Kwa watu wengine kano hizo zinaota chokaa, kama ule ukoko mweupe ndani ya birika. Chokaa inaweza kukaa kimya. Siku ikipasuka, mwili unaikasirikia, panavimba, na maji yanajikusanya nyuma ya ukuta wa koo. Ndiyo maana shingo inakakamaa, kumeza kunauma, na homa inakuwa ndogo. Wengi wanapona kwa dawa za kutuliza uvimbe na kupumzika, siku kadhaa, wiki mbili. Akasema wengi.

"Na hii pumzi?"

"Hiyo ni nadra. Kwake uvimbe umesukuma ukuta wa koo mbele, umebana njia ya hewa."

"Imetokana na nini? Kazi? Kuinama?"

"Hatujui vizuri, mama."

Mlipata kukasirika mkakosa wa kumkasirikia? Nilikuwa nimekuja na hasira ya kutosha watu kumi. Kama angesema kazi, ningekwenda kumng'oa Kengele kitini. Kama angesema pini, ningempiga mwanangu kofi la maneno kwa miaka iliyobaki. Akasema hawajui. Nikamwambia juu ya matonge, na juu ya mnyoosha mifupa. Nilimwambia haraka haraka kama mtu anayetapika.

Aliacha kuandika. "Koo limevimba, wewe unapitisha kiazi kizima," akasema. "Angeweza kupaliwa akafa kwa kiazi, mama. Na shingo yenye maumivu ya namna hii haivutwi kabla haijajulikana ina nini. Ungeweza kukuta ni usaha, au mfupa uliopasuka." Hakunifokea. Bora angenifokea.

Usiku kucha nilikaa na mwanangu. Sikuwa natazama uso wake, nilitazama kile kitambaa cha kijani. Kila muuguzi akipita karibu na kimeza nadhani ameijia ile sinia. Nilisikiliza mlio wa pumzi kama mtu anayemsikiliza mwizi mlangoni. Nilijifunza kuupima: huu ni mkubwa, huu umepungua, huu sikuupenda. Nilimwomba Mungu auache ulie, kwa sababu nilishauona ukimya wake.

Ijumaa asubuhi, wafagiaji wakiwa korido, nilisinzia kidogo nikazinduka kwa hofu kwa sababu sikusikia kitu. Nikamtazama. Alikuwa anapumua, kifua kinapanda na kushuka bila mlio, na macho yananitazama.

"Maji," akasema. Sauti ilikuwa yake.

Daktari alikuja na raba zake, akapitisha ule mpira, akasema uvimbe umeshuka. Akaichukua sinia yeye mwenyewe. Alipofika mlangoni akaigeuzia kwangu kidogo, nione kitambaa bado kimekunjwa vilevile. 

Mwanangu akanywa maji kwa kijiko, kidogo kidogo. Alipomaliza akaniambia mara ya nne, "Sikumeza pini, mama."

"Najua," nikasema.

"Sasa unajua."

Baada ya siku kumi na moja, shingo ikiwa inageuka tena, nilikwenda kiwandani na barua ya hospitali ili Kengele ampe nafasi yake. Nilikwenda peke yangu. Niliomba na kopo lake, nizihesabu mwenyewe mbele yake zile kumi na tisa, kisha aandike kwa mkono wake kwamba ile moja imepotea tu, mwanangu hakumeza kitu. Nikazimwaga mezani, nikahesabu. Nikarudia.

Zilikuwa ishirini.

"Aa, hiyo ilipatikana," Kengele akasema.

"Lini?"

"Jumatano ile. Mama Vifungo aliiokota chini ya mashine."

"Jumatano saa ngapi?"

"Asubuhi, kabla hatujaanza. Nikairudisha koponi. Mambo yakaisha."

Jumatano mchana mnyoosha mifupa alikuwa ameshika taya la mwanangu.

"Hukutuma mtu kuniambia."

"Nilidhani umeshasikia, mama. Habari hapa zinatembea zenyewe."

"Ile ya kumeza ilinifikia bombani kabla sijajaza ndoo," nikamwambia. "Hii ya kupatikana, siku kumi na tatu, haikupata nauli?"

Akaitazama saa ya ukutani. Nikamwacha nayo, nikaenda mpaka cherehani ya pili kutoka ile ya mwanangu. Mama Vifungo alikuwa ameniona tangu nilipoingia, na sindano yake ilikuwa imesimama.

"Shoga, mgonjwa anaendeleaje?"

"Jumatano jioni ulikuja kwangu na uji ukaniuliza imeshuka. Asubuhi yake ulikuwa umeshaiokota."

"Nilidhani labda alimeza nyingine."

"Kopo la ishirini. Wewe si unahesabu vifungo?"

Mafundi wa jirani waliacha kukanyaga cherehani, safu moja, kisha ya pili. Ukumbi ulitulia mpaka nikasikia pasi inavyopumua mvuke.

"Mwanangu ameniambia sumaku ilipita chini ya mashine hizi Jumatatu mara mbili," nikasema. "Ilipita mpaka shingoni mwa mwanangu. Kwa nini haikuiona?"

Alishusha macho kwenye aproni yake. "Niliiazima koponi mwake kufungulia fundo. Nikaichomeka hapa," akagusa pindo la aproni, "nikasahau. Nilipovua aproni Jumanne nyumbani ndiyo pini ikanichoma. Kesho yake nikasema nimeiokota."

"Jumanne."

"Ningeisema ningeulizwa kwa nini nilianza mimi kusema ameimeza. Ningesimamishwa. Nina watoto, Mama Mkasi."

"Na mimi ninaye."

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Siku hiyo niliwakasirikia hata wahenga. Kikulacho ki nguoni mwako, hapo ndipo waliposema kweli, na nguo yenyewe ilikuwa aproni ya vifungo. Nilitaka kumpiga. Mkono wangu ulishapanda mpaka usawa wa kiuno. Kilichouzuia si huruma. Niliutazama nikaukumbuka: ndio ulioviringisha matonge, ndio ulioshika mabega. Yeye alisema uongo. Kulisha na kushika vilikuwa vyangu. Ningempiga kwa kosa la nani?

Nikamwambia tu mbele ya wote, "Utaisema wewe, kwa mdomo uleule. Utaanzia bombani." Alisema. Alisema kwa sauti ndogo, na watu wengi hawakusikiliza, maana habari ya mtu ambaye hakumeza kitu haina utamu.

Mwanangu amerudi kazini. Pini anazichomeka kwenye kimto alichokishona mwenyewe, anakivaa mkononi kama saa. Kengele sasa anawataka wote wafanye hivyo, na utamsikia akijisifu kwamba wazo ni lake. Shingo haijamsumbua tena. Nyumbani tunaongea, tunacheka. Lakini nikimpakulia viazi hali. Akipakua mwenyewe anakula. Hanielezi, na mimi simuulizi.

Basi haya ndiyo ya kuepuka. Yakateni muyabandike ukutani.

Usimlishe tonge mtu anayeumia kumeza. Si kiazi, si mkate, si ndizi.

Usimpeleke mtu mwenye shingo iliyokakamaa ghafla kwa mvutaji wa shingo.

Usisubiri kesho kama hawezi kumeza mate yake mwenyewe.

Usimlaze anayekataa kulala. Mwache akae, aegemee mbele, na umpeleke hospitali hivyohivyo.

Usidharau sauti iliyobadilika wala mlio wakati wa kuvuta pumzi. Hapo ni hospitali, tena saa hiyohiyo.

Usimwambie daktari ugonjwa uliousikia kwenye foleni ya maji. Mwambie unachokiona tu.

Usiweke pini mdomoni. Ndiyo, hazikuwa na kosa safari hii. Usiweke.

Usitume uongo kwa miguu miwili halafu kweli ukaiacha ikae.

Usimshike mabega mtu anayesema usiniguse.

Na mtoto wako akikwambia hakumeza kitu, hata akiwa na miaka thelathini na minne, hata sumaku ikinata, usimlazimishe akwambie mara nne.